Herufi Ishirini na Mbili

Saa kumi na moja alfajiri, Glasgow bado giza.
Mvua ya hapa hainyeshi, inaning'inia tu
kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Nashuka Barabara ya Maryhill, kadi ya kazi shingoni,
nahesabu taa: ya mwoka mikate, ya hospitali, yetu.

Kazi yangu ni panya.
Watoto wa siku saba, wekundu kama fizi,
macho hayajafumbuka.
Wa sanduku la kushoto walipewa kirusi kizima.
Wa kulia, kirusi kile kile
kilichonyang'anywa protini moja.
Moja tu, ndogo hata jina haikupata,
ina herufi na tarakimu, kama kiti cha basi.

Struan Geddes, mkubwa wangu, anapenda vita.
Adui, anasema, ngome, walinzi,
na mishale ubaoni mpaka kalamu ikauke.
Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Morogoro;
nikiambiwa ndani ya seli mna mkasi
naelewa mkasi.

Kirusi hakizai bila kujinakili,
na kikijinakili, uzi hulala juu ya uzi mwenzake.
Hapo ndipo kinapojianika.
Uzi mmoja ni wa kila mtu, seli imejaa,
ni barua za kila siku, nenda rudi.
Lakini nyuzi mbili ndefu zilizokumbatiana,
nani katika nyumba hii huvaa hivyo?
Mkasi unakuja. Unakata herufi ishirini na mbili,
ishirini na mbili,
ishirini na mbili,
kama mama na mikanda ya kushonea shingo za magauni,
hakosei, wala haangalii futi.
Kila kipande kinapata wa kukibeba
akapite nacho mlango hadi mlango:
nani anafanana na hiki?
Anayefanana, anachanwa.

Ile protini haipigani na mtu.
Inajilaza juu ya nyuzi mbili, inazifunika gubigubi,
na meno ya mkasi hayaoni pindo la kuanzia.
Basi. Hiyo ndiyo hila yote.

Miaka mingi walisema mkasi huo ni wa mimea na nzi,
sisi wenye nywele na maziwa tuna king'ora:
seli moja ikilia, mtaa mzima unafunga madirisha.
Ni kweli kinalia. Kinalia hata usisikie
kitu kikikatwa chumba cha nyuma.
Halafu mfunikaji alikuwapo muda wote.
Walitafuta vipande, hawakuviona,
wakaandika: hapa hapana fundi.
(Mama mmoja wa dirisha la viza
aliniuliza kama kwetu kuna maabara.
Nilimwambia zipo. Akaandika kitu kingine.)

Nafungua la kushoto. Sita wamekauka,
wa saba anavuta pumzi kama anayeidai.
Nafungua la kulia.
Wanane. Wote wanajinyonganyonga,
wanapandana, wanagombea joto la katikati.
Mkasi ulikuwepo, jamani. Ulikuwa kazini.

Struan atapiga kelele akiingia, atanunua keki.
Na saa sita mchana hao hao waliopona
watachukuliwa mmoja mmoja,
kwa sababu vipande havihesabiki ndani ya aliye hai.
Hili halimo kwenye mishale ya ubaoni.

Simu inatetemeka mfukoni: Mama.
Ataniuliza kama nimekula, na kama baridi imepungua.
Siwezi kuipokea, mikono i ndani ya glavu,
na mmoja wa kulia amegeuza pua kidoleni mwangu,
anatafuta ziwa.

Naandika: kulia, wanane, hai.
Kalamu imekataa kwenye neno la mwisho,
wino umetoka hafifu. Nalipitia tena.
Sasa linasomeka kwa mistari miwili,
mmoja umelala juu ya mwenzake,
na yeyote apitaye anaweza kuliona.